Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

Natumaini hamjambo. Shule tunafunga leo. Tarehe ya kufungua imeandikwa kwenye ripoti ya mtoto.

Muhula huu baadhi yenu mlikuja ofisini mkiwa mmekasirika: "Mwanangu yuko la tano, mbona nimemkuta anasoma na la pili?" Nililijibu swali hilo harakaharaka, kwa hiyo nalijibu tena hapa.

Mwezi Februari tuliwaita watoto wa la tatu hadi la sita mmoja mmoja, wakasoma herufi, silabi, maneno, kisha hadithi fupi. Hatukutoa alama, tulitaka kujua kila mmoja anaishia wapi. Wapo wa la tano walioishia kwenye silabi: "mwa" na "nya" zinawashinda. Mtoto huyo ukimpa kitabu cha Sayansi cha darasa lake, unamfundisha kukaa kimya tu. Ndiyo maana kila siku, kwa saa moja, tunavunja madarasa na kila mtoto anakwenda kwenye kundi la kile anachokiweza. Akipanda, anahama. Njia hii hatukuibuni sisi. Imetoka India, kwa taasisi ya Pratham iliyoanza Mumbai mwaka 1995 ikiwafundisha watoto wa mitaa ya maskini.

Hesabu nazo zina vituko vyake. Kijana mmoja anayemsaidia mjomba wake soko la samaki alipewa 5,000 kutoa 3,500 kwenye daftari, akaandika 2,500. Nikamwuliza: mteja amekupa elfu tano, fungu ni elfu tatu na mia tano, chenji yake? Sijamaliza, ameshajibu: "Elfu moja na mia tano." Sasa mwalimu wake anaanza na mafungu, tarakimu zinafuata.

Walimu nimewaomba waache kumchapa mtoto kwa jibu baya. Anayeogopa kukosea hanyooshi mkono, nasi hatujui amekwama wapi.

Liko la bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana. Maji yakitoka sana, akina mama mnakwenda kwenye mwani pamoja na watoto, na madawati yanabaki wazi siku tatu nne. Sina ubavu wa kugombana na bahari, na najua mwani ndio unaonunua daftari. Ila mwambieni mwalimu wa darasa mapema, ili mtoto akirudi mwenzake wa kundi akae naye, warudie alichokikosa. Anayerudi kimyakimya ndiye anayepotea.

Ada hakuna, mnajua. Mchango wa uji tulioafikiana kwenye kikao haujakamilika; kamati itawapitia.

Likizo hii kila mtoto amepewa kitabu kimoja cha hadithi. Akisome kwa sauti dakika kumi jioni, kidole kikiwa chini ya neno. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kumsikiliza. Hadithi ikikatika atajua. Vitabu ni vya shule. Tunaomba virudi vyote, hata vikiwa na harufu ya samaki.

Wenu,
Mwalimu Mkuu
Bagamoyo