Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Orodha Yetu Ianzie Siku ya Kuingia

Ndugu wanachama wenzangu,

Kama katiba yetu inavyoagiza, nawaletea taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu, ili kila mmoja aisome kwa nafasi yake na aje akiwa na la kusema. Mwaka huu tumetimiza miaka 20 tangu tuhitimu. Kamati iliazimia mapema kwamba kazi kubwa ya mwaka iwe moja tu: kukusanya kumbukumbu za darasa letu wakati walio nazo bado tunao. Mambo mengine yamekwenda kama kawaida na nitayapitia haraka. Hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililozaa hoja mtakayoipigia kura.

Tulianza na picha. Tuliomba kila mwanachama afungue masanduku na madroo, atafute picha za shule alizobaki nazo, amtumie katibu nakala. Zimekuja nyingi: za mashindano ya michezo, za siku ya wazazi, za mapumziko uwanjani, na ile ya pamoja tuliyopigwa wiki ya mwisho, ambayo karibu kila mtu anayo. Hiyo ya pamoja katibu aliiweka kwenye kundi letu akaomba tujaze majina, mstari kwa mstari.

Sura tulizitambua palepale. Majina ndiyo yaliyogoma. Mtu anaandika kwamba huyu alikaa karibu na dirisha, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima, alitueleza hesabu wakati mwalimu hayupo. Ukimuuliza anaitwa nani, hana jibu. Wengine walianza kusikitika kwamba umri umeshatuingia. Napenda kuwatoa wasiwasi. Mwaka 1975 mtafiti Harry Bahrick na wenzake wawili, huko Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima watu 392 wa umri wa miaka 17 hadi 74 kwa kutumia vitabu vya picha vya wahitimu wa sekondari walizosoma. Walipoonyeshwa sura za wenzao zikiwa zimechanganywa na sura za watu wasiowajua, waliwatambua wenzao kwa takriban asilimia 90, hata wale waliokuwa wamehitimu zaidi ya miaka 30 nyuma. Walipotakiwa kutaja majina kwa kichwa tu, bila kuonyeshwa chochote, walipata machache zaidi, na kadiri miaka ilivyokuwa mingi ndivyo majina yalivyozidi kupungua. Kwa hiyo asiyelikumbuka jina lako hajakudharau. Sura yako anayo. Jina linahitaji mtu wa kumsaidia kulitoa.

Na kusaidiana ndiko tulikofanya. Katika mstari wa tatu yupo mwenzetu ambaye nusu ya uso imezibwa na bega la aliyesimama mbele yake. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kumtaja. Kisha mwanachama mmoja anayeishi mbali, ambaye huwa kimya mwezi mzima, akaandika jina lake kamili na sababu ya kulikumbuka: mwenzetu huyo alikuwa akimwazima bikari kila kipindi cha jometri, na alikuwa akiifuta kwa pindo la shati kabla ya kumpa. Haikupita saa moja, mwingine akakumbuka alivyocheka kwa kuziba mdomo, mwingine akakumbuka dada yake aliyekuwa darasa la mbele yetu. Peke yake, hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na zaidi ya kipande. Nimehudhuria vikao vingi vya umoja huu na sikumbuki kingine kilichonipa furaha kama jioni ile.

Yapo ambayo hatukuafikiana. Mvua kubwa iliyokatisha mtihani wetu wa majaribio inasimuliwa kwa namna nyingi, na kila msimulizi ana hakika kwamba yeye ndiye aliyefunga madirisha. Tusigombane kwa hilo. Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha tangu mwaka 1932 kwamba mtu anapokumbuka huwa anajenga upya. Aliwapa watu hadithi ngeni kwao, na kila waliporudia kuisimulia waliibadilisha kidogo ili ifanane na mambo waliyoyazoea. Kamati imeamua kwamba pale masimulizi yanapotofautiana, yaandikwe yote, kila moja na jina la msimulizi wake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Shule ilituruhusu kuona daftari la mahudhurio la mwaka wetu wa kwanza. Katibu alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Majina yameandikwa kwa mkono kwa wino wa bluu, na pale mwanafunzi alipoacha shule jina lake limepigwa mstari mwekundu kwa rula, umenyooka, kutoka jina hadi mwisho wa safu. Mistari hiyo ni mingi kuliko yeyote kati yetu alivyodhani. Kila mwaka tumekuwa tukijiita darasa zima tukitazama picha ya wiki ya mwisho, na wenye mistari myekundu hawamo ndani yake. Picha iliyotusaidia sana kukumbukana ndiyo hiyohiyo iliyotusahaulisha wao.

Mwalimu wetu wa darasa, ambaye sasa amestaafu, alikubali kuzungumza na kamati. Alikumbuka wengi wao na alitueleza kwa upole sana. Wapo ambao familia zilihama. Wapo waliougua. Yupo aliyefiwa na mzazi akabaki nyumbani kulea wadogo zake, na alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza darasani muhula uliotangulia. Siandiki zaidi ya hapo. Habari hizo ni zao, na atakayependa kuzisimulia atasimulia mwenyewe.

Tumewatafuta. Kazi hii imefanywa na wanachama wachache wenye subira, na nawashukuru kwa moyo wote. Baadhi ya wenzetu tumewapata na wamefurahi kupigiwa simu. Mmoja alimweleza katibu kwamba amekuwa akiziona picha za mikutano yetu kwa miaka, akimtambua kila mtu, akijua nani ameoa na nani amezaa, ila aliona si mahali pake kutusalimu kwa kuwa hakumaliza nasi. Ndugu zangu, tulikaa naye dawati moja. Tulinakili kazi yake ya nyumbani. Kuna baridi ya asubuhi nyingi tuliyoihimili pamoja tukisubiri kengele. Inakuwaje aone haya kutusalimu?

Kifungu cha uanachama katika katiba yetu kinasema mwanachama ni aliyehitimu nasi. Kamati inapendekeza kisomeke kwamba mwanachama ni yeyote aliyesoma nasi, hata kama ni kwa muhula mmoja, na mwenye kutaka kuwa nasi. Naliunga mkono pendekezo hili bila kusita. Cheti kinathibitisha kwamba mtu alifanya mitihani. Ujana wetu tuliupitia na watu wengi zaidi ya waliopata vyeti. Wanaochunguza kumbukumbu za maisha wameona mara nyingi kwamba watu wa makamo na wazee hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Miaka yetu ya shule imo humo ndani. Wenzetu walioondoka mapema watabaki wakitukumbuka sisi, na sisi wao, tupende tusipende. Heri tukumbukane tukiwa tunazungumza.

Nimesikia hofu za baadhi yenu na naziheshimu. Wapo wanaosema umoja utakuwa mkubwa usimamike kwa shida, na wapo wanaouliza kama wanachama wapya watalipa ada sawa na waanzilishi. La ada lina jibu rahisi: atakayejiunga alipe kuanzia mwaka aliojiunga, asidaiwe yaliyopita. La ukubwa, tutagawana kazi. Hofu inayonigusa zaidi ni ya yule aliyeuliza ikiwa tutawaumiza kwa kuwakumbusha jambo lililowauma. Ni swali la kweli. Ndiyo maana kamati imeagiza kwamba mtu apigiwe simu mara moja kwa heshima, asiulizwe kwa nini aliacha, na akisema hataki aachwe kwa amani na jina lake lisichapishwe popote.

Kwa wale tunaowasiliana nao, tujifunze kutowapoteza tena. Huko Uingereza upo utafiti wa afya unaowafuatilia watu waliozaliwa wiki moja ya Machi 1946. Ulifuatilia watoto 5,362, na watafiti wamedumu nao hadi uzeeni. Mojawapo ya njia zao ni kumtumia kila mmoja kadi ya siku ya kuzaliwa kila mwaka. Nasi tunaweza hilo. Katibu msaidizi amekwishaanza kukusanya tarehe, na salamu za kwanza zimeanza kwenda. Tafadhali msimjibu kwa alama ya kidole tu. Mwandikieni mstari mmoja wa habari zenu, nasi tutajua kwamba bado mko kwenye namba ileile.

Kuhusu utunzaji wa picha, naomba mzingatie haya. Picha za rangi zilizochapishwa huchujuka, na joto, mwanga na unyevu huziharakisha. Albamu zenye kurasa za kunata ziacheni, kwani gundi yake huharibu picha na kuifanya igome kubanduka. Jina liandikwe nyuma, pembezoni, kwa penseli laini bila kukandamiza; wino huweza kupenya hadi upande wa uso. Nakala za kidijitali katibu anazihifadhi sehemu tatu, moja ikiwa mbali na nyingine, ili simu au kompyuta moja ikiharibika tusirudi mwanzo.

Mwaka huu tumewapoteza wenzetu, na wengine walitangulia miaka ya nyuma. Tutawataja wote kwa majina mwanzoni mwa mkutano, tukiwa tumesimama. Pendekezo likipita, tutawataja pia wale waliofariki baada ya kuacha shule, ambao hadi sasa hawajawahi kutajwa katika kikao chetu chochote. Familia zao mbili zimeomba kuhudhuria. Naomba wapokewe na wapewe viti vya mbele.

Fedha: mweka hazina atawasilisha hesabu kamili, zilizokwisha kukaguliwa. Kwa kifupi, hatuna deni, na wasiolipa ada wamepungua. Mfuko wa kusaidiana wakati wa msiba na ugonjwa umetumika kama ulivyokusudiwa.

Kuhusu uongozi, muda wa kamati hii unakwisha kwenye mkutano mkuu. Sitagombea tena, maana nafasi hii izunguke, na wapo wengi wenye uwezo ambao hawajaishika. Ningefurahi kuona kwenye kamati ijayo angalau mmoja wa wenzetu wasiokuwamo kwenye ile picha ya pamoja, ikiwa mtaufungua mlango huo. Majina ya wagombea yamfikie katibu wiki 2 kabla ya mkutano, pamoja na marekebisho yoyote mnayotaka yafanywe kwenye maneno ya kifungu kipya. Wasioweza kufika waandike kura zao na kuzituma kwa katibu kabla ya siku hiyo.

Wenu,
Mwenyekiti