Acheni kuwachezea ndege sauti za simu Arabuko-Sokoke

Mhariri, nipe nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana hili jambo nikilisema kwenye magrupu ya wapiga picha naambiwa eti nina wivu.

Siku hizi kutembea msituni na kamera imekuwa raha ya wengi huku kwetu Kilifi. Wikendi vijana wanatoka Malindi, Watamu, hata Mombasa, wanaingia Arabuko-Sokoke upande wa Gede, wengine na lenzi ndefu wengine na simu tu, na mimi nafurahi kweli kwa sababu miaka yote ule msitu tuliuona kama ni wa Wazungu na darubini zao. Shida ni zile sauti.

Yaani mtu anafika, hana subira, anafungua apu ya sauti za ndege, anaunganisha na kaspika kake, anacheza mlio wa ndege anayemtaka. Na ndege anakuja kweli, mbio mpaka tawi la karibu, picha inatoka safi, watu wanalaiki. Lakini jamani yule hakuja kupozi! Amekuja kupigana, amesikia dume mwingine kaingia kwenye eneo lake. Ni kama mtu akugongee mlango usiku wa manane aseme hii nyumba ni yake, ukitoka na panga hukuti mtu, halafu baadaye kidogo anagonga mwingine. Muda wote huo hali, halishi, na kama ana mayai basi yanabaki wazi.

Anayenisikitisha zaidi ni yule bundi mdogo wa Sokoke. Kwa wasiomjua, urefu wake ni kama sentimita 16 mpaka 18 tu, na dunia nzima anajulikana huku pwani yetu, hasa msitu huu, na misitu ya chini ya Usambara Mashariki kule Tanzania, basi. Wataalamu wenyewe wamemjua juzijuzi, miaka ya 1960. Wako wa kijivu, wako wa kahawia, wako wekundu kama udongo wa kule ndani. Mchana wanalala wawili wawili wamebanana kwenye kichaka, tena chini chini, unaweza kumpita hatua mbili ukadhani ni jani kavu. Waongozaji wazuri wanavijua vichaka vyao na wanakusimamisha mbali. Ila nimeshaona mgeni akiongeza noti, vitawi vikavunjwa ili mwanga uingie, kisha fleshi, kisha mlio ukachezwa ili afungue macho. Ile picha ya bundi kakodoa macho mchana ndiyo inayopendwa kuliko zote, na hiyo ni picha ya ndege aliyeshtuliwa usingizini. Akishajitokeza hivyo ndege wadogo wanamwona, wanamzonga kwa makelele mpaka anahama. Wazee wetu walisema bundi ni mkosi, siku hizi nadhani yeye ndiye anatuona sisi mkosi.

Na wala huhitaji spika kupata kitu. Kaa kimya njiani asubuhi mapema utamsikia sengi, kale kanyama kadogo kama panya, kabla hujamwona, kwaru kwaru kwenye majani makavu, kapua karefu kanachokoachokoa wadudu, ukisogea tu anapiga majani chini na kutoweka. Picha zangu nyingi za sengi ni yale makalio ya dhahabu yakiingia kichakani na sioni aibu kuziposti.

Mida Creek nako, kwenye ule mkono wa bahari karibu na Watamu, kuna wengine na mambo yao. Kuanzia Agosti hivi mpaka Aprili wako ndege wa kusafiri kwa maelfu, wakiwemo wale weupe na weusi wenye midomo minene wanaokula kaa, ambao wanazaliana kule Uarabuni na Ghuba, Oman ikiwemo. Maji yakijaa wanasongamana kwenye fungu la mchanga kupumzika, na hapo ndipo utamwona mtu anapiga makofi au anawakimbilia ili waruke wote apate video. Ndege huyu anatafuta mafuta ya mwili ya kumfikisha mbali, wewe unamuunguzia kwa sekunde kumi za video! Kile kibanda cha mwisho wa daraja la mbao kwenye mikoko kimejengwa watu wakae ndani wasubiri maji, ndege wanasogea wenyewe.

Nisieleweke vibaya, sitaki watu wazuiwe. Ninachoomba kwa wanaosimamia msitu ni kwamba pale tunapolipia kiingilio pawe na bango la Kiswahili, sio Kiingereza peke yake, liseme hakuna kucheza milio, hakuna fleshi kwa bundi, hakuna kukata matawi. Mwongozaji akikataa noti ya mgeni awe na pa kuegemea, maana sasa hivi akikataa anaonekana mkorofi na kesho mgeni anakwenda na mwingine, na hawa ni watu wana watoto shuleni. Wapiga picha nao wakiposti kiota wazime lokesheni.

Na nyinyi gazetini pia, Mhariri, mkiletewa picha ya ndege kwenye kiota au bundi katoa macho mchana, muulizeni aliyeipiga aliipata vipi kabla hamjaichapa.

Mtembea kwa miguu,
Gede, Kilifi