Pimeni baiskeli kabla ya kununua vipuri vyepesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nisahihishe jambo moja katika makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu kupunguza uzito wa baiskeli kwa kubadilisha vipuri, na niongeze yale niliyoyaona mwenyewe. Makala hiyo imekuja wakati wake, kwa maana tangu Charles Kagimu aiwakilishe Uganda katika mbio za baiskeli za barabarani za Olimpiki ya Paris mwaka 2024, vijana wa hapa Mbale hawaishi kubishana kuhusu kilo za baiskeli, ingawa wengi wao hubishana bila mizani.

Mwandishi wenu alidai kwamba gramu moja iliyopunguzwa kwenye gurudumu ni sawa na gramu kumi za fremu. Sivyo. Gramu iliyo ukingoni mwa gurudumu, yaani kwenye rimu, tairi au tyubu, humgharimu mpandaji karibu mara mbili ya gramu iliyo kwenye fremu, tena pale tu anapoongeza mwendo, kwa sababu inabidi isukumwe mbele na wakati huohuo izungushwe. Akishashika mwendo mmoja na kupanda mlima taratibu, kama tunavyolazimika sote pale barabara ya Kapchorwa inapoachana na ile ya Moroto na kuanza kupanda kuelekea Sipi, gramu ni gramu, iwe kwenye rimu, kwenye kiti au ndani ya chupa ya maji.

Baiskeli yangu ni ya chuma, ya mtumba, yenye magurudumu ya inchi 26. Nilipoitundika kwenye mizani ya mnunuzi wa kahawa ilikuwa na kilo 15.6, vipuri vidogo nilivipimia kwa muuza sukari, ambaye mwanzoni alidhani namtania. Rimu za chuma nilizibadilisha kwa za alumini, nikaokoa gramu 700 kwa jozi. Tairi zenye waya pembeni nilizibadilisha kwa zile zinazokunjika, zikapungua gramu 600. Kreni za chuma, yaani mikono inayoshika pedali, pamoja na meno yake, nilipozibadilisha zilinipunguzia gramu 450, kiti na nguzo yake 400, na stendi, ambayo sikununua chochote badala yake, gramu 400 nyingine. Kinga ya mnyororo ilikuwa na gramu 150. Jumla ni kilo 2.7, na baiskeli ikabaki na kilo 12.9. Zaidi ya nusu kilo ilitoka bure, kwa spana tu, na ndiyo maana nashangaa kuona mtu akilipia usukani wa kaboni ilhali stendi ya chuma bado inaning'inia chini ya baiskeli yake.

Faida ni ipi? Mimi nina kilo 68, kwa hiyo mzigo wote, mtu na chombo, umepungua kwa takriban asilimia tatu. Kwenye mlima mkali unaonichukua saa moja, nguvu za miguu zikiwa zilezile, hiyo ni kama dakika mbili. Kwa mshindani dakika mbili ni nyingi mno, lakini kwa mwalimu anayewahi kipindi cha kwanza, kama mimi, zinaweza kupotea kwa kusalimiana njiani. Faida kubwa niliyoipata hata haihusiani na uzito: rimu ya alumini hushika breki wakati wa mvua, ilhali ile ya chuma iliyong'arishwa ikilowa huteleza kana kwamba imepakwa sabuni. Aliyewahi kuteremka kutoka Sipi mvua ikinyesha, huku akiwa na rimu za chuma, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna mahali ambapo wepesi ni hasara. Nilijaribu tyubu nyembamba, na siku moja kwenye barabara ya maramu, isiyo na lami, nikaziba matundu matatu kabla ya saa sita mchana. Nimerudia zile nene na sijuti. Usukani, shingo yake na uma unaoshika gurudumu la mbele navyo nimeviacha vya chuma. Chuma kikielemewa kwa kawaida hupinda kwanza, lakini alumini iliyochoka hukatika ghafla, na kaboni iliyokazwa kupita kiasi hupasuka kwa ndani bila kuonyesha dalili. Vipuri vya kaboni hukazwa kwa kipimo, mara nyingi nyutoni mita 5 hivi kwenye shingo, na mafundi wetu walio chini ya miti, ambao nawaheshimu sana, hukaza kwa kusikilizia mkono. Rafiki yangu alinunua usukani uliouzwa kwa jina la kaboni katika duka moja mjini. Ulipopasuka, ndani tuliona alumini iliyofunikwa ngozi nyembamba tu ya kaboni.

Wala ushauri huu usiwafikie wabeba matoke kana kwamba nao unawahusu. Baiskeli iliyopakiwa mikungu mitatu, kila mmoja ukizidi kilo 20, haitapata nafuu ya maana kwa kupunguziwa kilo mbili, na kerea nzito ya kubebea mizigo pamoja na vyuma vilivyochomelewa kwenye fremu ndivyo vinavyompa mwenye baiskeli riziki yake. Hata kwa wanamashindano uzito una ukomo, maana tangu mwaka 2000 kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, haziruhusu baiskeli ya mbio yenye chini ya kilo 6.8.

Ombi langu kwa wenye maduka ni kwamba kila kipuri kinachouzwa kwa sifa ya wepesi kiandikwe gramu zake kando ya bei, na mizani iwepo mezani ili mnunuzi ahakikishe mwenyewe. Nanyi, Ndugu Mhariri, mkichapisha tena makala ya namna hii, tafadhali mtupe uzito wa kipuri cha zamani na wa kile kipya, maana bei peke yake tunaijua tayari.

Msomaji wenu,
Mbale