Kano si mshipa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mteja wangu alikuja na gazeti lenu mkononi, kifundo cha mkono kikiwa kimefungwa kitambaa, akaniambia ameahirisha upasuaji. Makala yenu ya afya kuhusu maumivu ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba yalisema kwamba sindano zikishindwa, daktari hukata mshipa. Naomba mlisahihishe neno hilo. Mimi lilinichelewesha miezi minane.

Mimi ni fundi cherehani. Maumivu yalinianza upande wa kidole gumba nikiwa na mtoto mchanga. Kila nikimshika makwapani kumwinua, kifundo kinachoma kama moto, na mkasi ukawa haushikiki. Daktari alinitaka nifumbate kidole gumba ndani ya ngumi, kisha niuinamishe mkono kuelekea kidole cha mwisho. Nilipiga ukelele. Akasema ni ugonjwa wa De Quervain, mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895, na kwamba huwapata sana kina mama wenye watoto wachanga.

Nilifungwa gango la kukituliza kifundo wiki sita, nikachomwa mara mbili sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Wengi hupona hapo. Mimi nilipata nafuu, maumivu yakarudi. Ulipotajwa upasuaji nikatoroka, maana nyumbani walisema ukikatwa mshipa kidole hulala moja kwa moja.

Kumbe kinachokatwa si mshipa, wala kano yenyewe, yaani ile kamba inayounganisha msuli na mfupa. Kano mbili za kidole gumba hupita kwenye ala nyembamba, kama mpira wa sketi unavyopita ndani ya upindo. Ala ikinenepa, kano hubanwa. Mpasuaji anafumua upindo, mpira anauacha. Nilipigwa ganzi ya mkono tu, nikawa macho. Ngozi ilichanwa kama sentimita 2. Akaniambia nikunje kidole, nikunjue, nikaziona kano zangu mwenyewe: nyeupe, zinang'aa, zinateleza bila kukwama. Machozi yalinitoka, na wala sikuwa nasikia maumivu.

Hatari zipo, nazo mngeziandika. Neva ndogo ya ngozi hupita palepale. Ikijeruhiwa, mgongo wa kidole gumba hubaki na ganzi au maumivu. Mimi nilikaa na ganzi hiyo wiki kadhaa. Tena kuna watu ambao ala yao ina ukuta katikati, vyumba viwili; kimoja kikisahaulika bila kufunguliwa, mgonjwa hurudi na maumivu yaleyale. Mgonjwa amuulize daktari wake mambo hayo mawili kabla ya kulala kitandani.

Nyuzi zilitolewa siku ya 12. Nguvu ya kushika mkasi ilirudi polepole, lakini ilirudi.

Mteja wangu bado hajapanga tarehe nyingine. Nimemweleza, nimemwonyesha kovu, anajibu kwamba gazetini imeandikwa mshipa. Nadhani akiyasoma masahihisho kwenye gazeti hilohilo, atakwenda.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani