Barua kwa Mwanangu Kabla ya Mashindano ya Mkoa

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata kwa dada yako, na shikamoo yako nimeiitikia marahaba. Jumamosi ulipokimbia mita 800 kwenye mashindano ya wilaya, watu jukwaani waliishangilia nafasi yako ya pili, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mguu wako wa kushoto. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika kona ya mwisho ulianza kuukwepa mguu huo, hatua yake ikawa fupi kuliko ya mwenzake, na ulipomaliza uliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, kumbe ulikuwa umeushika ugoko. Nilipokuuliza ulisema ni uchovu, nami sikutaka kubishana nawe mbele ya wenzako.

Sijawahi kukusimulia kwa ukamilifu yaliyonipata nikiwa kidato cha tatu, nilipokuwa nikikimbia umbali huohuo. Maumivu yalianza ugokoni. Mwanzoni yalikuja nikikimbia na kuondoka nikipumzika, kisha yakabaki hata nikitembea, na mwishowe yakawa yananiamsha usiku, yote yamekusanyika mahali padogo ambapo ningeweza kupafunika kwa ncha ya kidole. Mwalimu aliyetusimamia aliagiza nichuliwe, nifungwe bandeji na niingie uwanjani, kwa kuwa timu haikuwa na msichana mwingine wa mbio hizo. Sikukataa, maana niliogopa kuachwa. Mfupa ulikuwa umepata ufa. Nilifungwa hogo, na sikukimbia tena mashindano yoyote.

Mfupa wa mkimbiaji hujijenga upya baada ya kila zoezi, lakini huhitaji siku za kupumzika ili ujenzi huo ukamilike. Mazoezi yakiongezwa ghafla, hasa juu ya lami ngumu, uharibifu huutangulia ujenzi. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba tangu tarehe ya mashindano ya mkoa itangazwe unakimbia barabarani kila alfajiri bila kuruka siku, tena kabla ya kutia kitu tumboni. Binti anayekimbia sana na kula kidogo huweza kukatika hedhi, na hapo mifupa yake hudhoofika zaidi. Nijibu kwa ukweli kama umeipata miezi hii miwili. Hilo si jambo la kumwonea mama yako haya.

Najua unachokihofia. Unaona kwamba ukikosa timu ya mkoa hutafika UMISSETA ya taifa, michezo ya shule za sekondari, na mwakani utakuwa umekwisha kumaliza shule. Hofu hiyo ninaielewa na wala siidharau. Lakini kumbuka usiku ule wa Septemba 2025 ulipokesha ukimtazama Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa za marathoni ya mashindano ya dunia huko Tokyo, wote wawili wakiandikiwa muda uleule wa 2:09:48. Simbu alikuwa na miaka 33, na shaba yake ya mashindano hayohayo, huko London, aliipata mwaka 2017. Suleiman Nyambui, Mtanzania mwingine, naye alikimbia akiwa chuoni huko El Paso, Marekani, na alikuwa na miaka 27 alipotwaa fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Nawe baada ya shule kuna chuo, na vyuoni mbio zipo.

Kwa hiyo naomba umweleze kocha wako leo, kwa kinywa chako, kabla hajapeleka orodha ya majina. Nimeomba ruhusa kazini. Jumatano asubuhi nitakuja kukuchukua twende hospitali. Eksirei ya siku za mwanzo huenda isiuonyeshe ufa, kwa hiyo hata picha ikitoka safi, maumivu yakiendelea tutarudi. Hadi siku hiyo usikimbie hata kidogo, na ule mlo wako wote wa bweni.

Viatu vyako vya kukimbilia nimevifua na vimekauka. Ninavyo hapa nyumbani, nitakuletea daktari akisharuhusu.

Akupendaye,
Mama yako