Beji ya mionzi iliyofungiwa drooni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tuliofanya kazi katika vyumba vya eksirei tunalijua vizuri, ila hatulisemi. Katika hospitali niliyoitumikia kwa miaka mingi, beji za kupimia mionzi, ambazo mfanyakazi hutakiwa kuzivaa, zilifika kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, zikasainiwa, kisha zikaingia katika droo ya mkuu wa kitengo, kando ya pini za karatasi na funguo za kabati, hadi siku ya kurudishwa zikasomwe. Majibu yalikuja mazuri kila mara, na yasingeweza kuwa mabaya, kwa kuwa kilichopimwa ni mionzi iliyoifikia droo. Tuliogopa kulipishwa beji ikipotea, na wengine waliogopa kuhamishwa kitengo ikisoma juu. Inapendekezwa kimataifa kwamba mionzi anayoipata mfanyakazi isizidi wastani wa milisivati 20 (kizio cha kupimia mionzi inayoufikia mwili) kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, wala isizidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Sisi hatukuwa na njia ya kujua tuko wapi.

Hata hivyo mpiga picha za eksirei ana nafuu, maana hubonyeza akiwa nyuma ya kinga. Anayenitia wasiwasi zaidi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Daktari anapopitisha chuma ndani ya mfupa wa paja la majeruhi wa bodaboda, mashine ya eksirei huwashwa tena na tena ili aone kilipofika, na muuguzi yuko palepale mezani akikabidhi vifaa, bila beji, kwa kuwa eti yeye si mtu wa mionzi. Mionzi mingi inayomfikia hutawanyika kutoka katika mwili wa mgonjwa, ndiyo maana hata hatua moja ya kurudi nyuma ina faida: umbali ukiongezeka maradufu, kipimo hushuka hadi karibu robo. Muuguzi huyohuyo nimemwona akikwepa chumba cha ultrasaundi kwa hofu ya mionzi, ilhali mashine ile hutumia mawimbi ya sauti tu.

Na aproni za risasi, yaani za metali nzito inayozuia mionzi (jina hili huwashtua wagonjwa wanaofikiria bunduki), tulizikunja tukazirundika kitini. Zikikunjwa hupasuka kwa ndani, na nje huoni kitu. Zinapaswa kutundikwa, na mara kwa mara zenyewe zipigwe eksirei ili nyufa zionekane.

Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003 ipo, kwa hiyo sidai sheria mpya. Nawaomba waganga wafawidhi wahakikishe beji inakuwa kifuani mwa mwenyewe zamu inapoanza, na kabla ya kuagiza beji za awamu ijayo, waongeze majina ya wauguzi wa upasuaji.

Wako,
Mpiga picha za eksirei mstaafu,
Morogoro