Mjomba, bondo nimelionja

Shikamoo Mjomba,

Mama amenieleza kwamba habari za kile chakula changu zimekufikia huko Ukerewe. Ni kweli, usiku mmoja nililipia mlo hela ambayo ingenunua gunia la mkaa na unga wa mwezi mzima. Sikukopa, nilikuwa nadunduliza tangu Pasaka. Anasema ulinyamaza kidogo, kisha ukauliza: "Huyu mtoto anakula chakula au anakula hela?" Swali hilo halijanitoka. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu naamini wapo wajomba wengi kandokando ya ziwa hili la Victoria wanaowauliza wapwa zao vivyo hivyo.

Migahawa ya gharama ina taratibu zake. Chakula huja kidogokidogo, sahani baada ya sahani, na mhudumu anakueleza kila kilichomo. Zile nyota ambazo wapishi wa Ufaransa wanazililia hutolewa na Michelin, kampuni ileile ya matairi. Mwaka 1900 ilichapa kitabu cha kuwaelekeza wenye magari, na mwaka 1926 ikaanza kuipa migahawa nyota. Kule Copenhagen, Denmark, mgahawa uitwao Noma wa mpishi René Redzepi uliwaandalia wageni sisimizi, na watu walipanda ndege kwenda kula huko. Niliposoma hayo nilikukumbuka wewe. Nilikumbuka karabai yako uani baada ya mvua ya kwanza, beseni la maji chini yake, kumbikumbi wakidondokea humo, nawe ukinipa mmoja angali hai, ukaniambia nimtafune upesi kabla hajanitembea ulimini. Nilikuwa na miaka sita. Ladha yake ilikuwa kama siagi na vumbi la mvua.

Kwa hiyo tabia hii sikuiokota mjini. Ni wewe uliyenilisha kamongo wa kubanika wakati watoto wenzangu wanamkimbia, eti anafanana na nyoka, na tena hupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Senene nilikuja kuwajua baadaye, kwa Wahaya niliosoma nao, wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi basi, na hadi leo sijaona korosho ya kuwashinda. Hata huyo sangara unayemvua alikuwa chakula cha ajabu. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na marehemu bibi alisimulia walivyomtazama kwa mashaka kwa ajili ya mafuta yake, huku wakiwalilia furu, samaki wadogo wa ziwa hili aliokuwa akiwamaliza.

Ninachokifuata kwenye meza hizo ni mkono wa mtu aliyekaa akakifikiria chakula. Si kila mahali naukuta. Hoteli moja hapa Mwanza, inayotazama ziwa, iliniletea sato aliyechunwa ngozi, hana kichwa wala mkia, amefunikwa mchuzi mweupe mzito hata harufu ya samaki huisikii. Nikamuuliza mhudumu kichwa kiko wapi. Akanijibu kwa upole kwamba wageni hawakipendi, hutupwa. Mjomba, niliumia. Shavu la sato! Lile tonge dogo chini ya jicho ulilokuwa ukilichokoa kwa kidole gumba na kuniwekea juu ya ugali wa udaga, wewe mwenyewe ukabaki na mifupa. Nililipa nikaondoka.

Lakini mlo uliozua maneno nilikula Dar es Salaam, kwenye mgahawa wa Wachina, nilipotumwa huko kikazi. Nilikwenda kwa ajili ya kitu kimoja: bondo, kile kifuko cha ndani ya tumbo la sangara.

Umeyatoa mangapi, Mjomba? Nakuona mwaloni, umempasua sangara, unaingiza vidole viwili chini ya uti wa mgongo na kulivuta taratibu lisichanike, maana lililochanika mnunuzi hulishusha bei. Unalifuta damu, unalitundika kwenye kamba, unaniweka mimi nilinde kunguru. Yakikauka yanakuwa ya manjano, magumu kama ubao, ukiyagonga yanalia. Ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka kwenye kamba ile. Nikikuuliza yanakwenda wapi unasema, "China." Nikikuuliza wanayafanyia nini huko, unasema, "Watajua wenyewe."

Sasa nimejua. Bondo hulowekwa usiku kucha hadi linavimba na kulainika, kisha huchemshwa kwa tangawizi kuondoa shombo, maji yale yanamwagwa. Halafu hutiwa kwenye supu ya kuku na kuachwa kwenye moto mdogo. Lenyewe halina ladha. Ni kile kifuko cha hewa kinachomsaidia sangara kuelea, na kazi yake chunguni ni kunywa supu. Lililetwa kwenye bakuli jeupe, vipande vinne, vinang'aa. Nilipouma, supu yote iliyokuwa imejificha ndani ilinimwagikia kinywani. Umewahi kula kano la kongoro lililoiva tangu alfajiri? Ni ulaini ule, ila bondo ni jepesi zaidi na halinati midomoni. Kipande cha tatu machozi yalinitoka. Mhudumu akadhani ni pilipili.

Nililia kwa sababu yako. Miaka yote hiyo umevua kitu ambacho kilo yake ikikauka inauzwa kwa laki kadhaa, umesomesha watoto wa dada yako kwa kitu hicho, na hukuwahi hata kukitia ulimini. Aliyekiandaa alikuwa mbali, aliyekila alikuwa mbali, wewe ulibaki na harufu mikononi. Nililipia bakuli lile nikijua kabisa ninachokilipia, na ningelipa tena.

Kwa hiyo nina ombi. Safari hii ukiyatoa kwenye kamba, moja usiliuze. Si lazima liwe kubwa. Njoo nalo kwa meli ya Nansio siku ya Alhamisi, lifunge kwenye gazeti lisipate unyevu. Ijumaa usiku tutaliloweka. Kuku wa kienyeji nitanunua mimi, tangawizi ipo, na Jumamosi asubuhi nitawasha jiko mapema. Mama amesema atakuja, ila ameomba apikiwe na ugali pembeni, kwani hana imani na supu peke yake.

Mpwa wako,
Mwanza